Vigingi Vilivyochipua Kilimani

Lantana haina haya. Ukiikata inarudi. Ukiichoma moto inarudi na ndugu zake. Ukiiacha inaparamia mti mkubwa na kuufunika mpaka mti unakosa jua, na baada ya miaka michache mti umekauka, lantana inachanua juu yake maua ya waridi na manjano kwenye kichwa kimoja, mazuri kabisa, na watu wanasimama kupiga picha. Majani yake yanakwaruza kama msasa. Harufu yake haitoki kwenye nguo hata ukifua mara mbili. Nimezaliwa shambani na sijawahi kuuchukia mmea kama huu.

Niliajiriwa mwezi wa nane, hapa Johannesburg, kwenye kikundi cha kusafisha kilima kilicho juu ya bonde, ukitokea Bellevue kwenda upande wa Troyeville. Kilima hicho kina msitu wake mdogo wa asili, mizeituni mwitu na miti mingine iliyojibana kati ya mawe, na msitu wote ulikuwa unamezwa. Lantana ilitoka kwenye bustani za watu huko chini. Ndege walikula matunda yake meusi, wakaruka kilimani, wakaangusha mbegu kila walipotua. Tulikuwa watu tisa. Tulitakiwa kukata vichaka vya kigeni na kuiacha miti ya asili, na siku ya kwanza nilidhani ni hivyo tu.

Mimi naongea kidogo. Si kwamba sina la kusema. Neno likifika mdomoni nimeshalipima mara tatu, na watu wameshahamia kwenye habari nyingine. Shule nilisoma mpaka darasa la saba, kule Lushoto, na hata kuandika naandika taratibu, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Johannesburg nilikuja kwa mama mdogo, ambaye amepanga chumba kwenye nyumba moja ya zamani hapo Bellevue, nyumba iliyogawanywa vyumba mpaka ukumbi wake nao ni vyumba viwili. Siku nilipomwambia nimepata kazi ya kufyeka, aliuweka mwiko chini.

"Kufyeka?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Yaani umekaa kwenye mabasi siku nne, umevuka mipaka mitatu, uje Johannesburg kufyeka?"

"Wananipa na ovaroli."

"Kwani Lushoto majani yamekwisha?"

Alicheka mpaka akalazimika kukaa. Lakini kesho yake aliamka kabla yangu, akanifungia chapati mbili kwenye mfuko.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa Kizulu mwenye sauti inayofika ng'ambo ya bonde. Wote tulimwita Ma. Alizungumza nasi Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu. Nilielewa karibu kila kitu, nikajibu kwa nadra, na kabla ya mwisho wa wiki ya kwanza jina langu lilikuwa Usiyesema. Kila mtu alipewa kipande chake cha kilima, kamba ikavutwa kutoka njia ya chini mpaka kwenye mawe ya juu. Kulia kwangu alikuwa mzee wa Kikongo, mtu wa milima ya upande wa Bukavu, aliyekuwa fundi cherehani mpaka macho yakachoka. Sote tulimwita Papa. Yeye alisema Kiswahili chao na mimi changu, na tulielewana bila shida.

Siku ya kwanza nilishika panga nikafyeka kama tunavyofyeka kwetu, kwa kasi, huku nimeinama. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimewaacha wenzangu wote mbali. Nilijisikia vizuri. Ma akaja, akatazama, akatikisa kichwa.

"Nani amekufundisha kunyoa?"

Nilifuta panga kwenye ovaroli.

"Ukinyoa ndevu leo, kesho zipo. Mimi sitaki wanyozi hapa."

Akanionyesha. Unakata chini kabisa, karibu na udongo, kisha kisiki kinapakwa dawa hapo hapo, kabla utomvu haujakauka. Dawa inatiwa rangi ya bluu ili ionekane ni kisiki kipi kimepakwa na kipi hakijapakwa. Usipopaka, kisiki kimoja kinatoa machipukizi kumi na umeifanyia lantana kazi yake. Basi asubuhi yangu yote ilikuwa bure. Nilirudi chini kwenye njia, nikaanza upya, kisiki kwa kisiki, na nilihisi wenzangu wananitazama mgongoni.

Kuchanganya dawa haruhusiwi mtu asiye na cheti. Kwetu sisi cheti alikuwa nacho Ma peke yake. Mwezi wa tisa akatutangazia kwamba mwezi wa kwanza mtu mmoja wa kikundi chetu atapelekwa kwenye mafunzo ya wiki mbili, arudi na cheti cha dawa. Ukiwa na karatasi hiyo kazi haikukosi, iwe kilimani, iwe kwenye majumba yenye mageti ya Midrand, popote penye mti usiotakiwa. Atakwenda yule ambaye kipande chake kitakuwa safi siku mkaguzi atakapokuja, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili.

Mimi karatasi yangu ya mwisho ni ya darasa la saba, nayo imebaki kwenye sanduku la bibi. Niliitaka hiyo nyingine mpaka chakula kilinishinda jioni ile.

Kilichonitia wazimu ni kwamba kipande changu hakikuwa changu peke yangu. Juu yake, nyuma ya ukuta, kulikuwa na nyumba, na mtu wa bustani wa nyumba hiyo alikuwa na tabia ya kurusha matawi ya lantana aliyopunguza juu ya ukuta, upande wetu, pamoja na matunda yake. Kila Jumatatu nilikuta lundo jipya. Kila Jumatatu nililiokota. Sikuweza kwenda kugonga geti la watu. Jumatatu ya tatu Papa alipoteza uvumilivu, akapanda mpaka juu na kuuambia ukuta kwamba sisi tuko kazini.

"Ndugu! Huku si jalala! Huku bantu banatumika!"

Kutoka nyuma ya ukuta sauti ikajibu kwa furaha kwamba sawa, "Sharp, baba!" Wiki iliyofuata lundo lilikuwa kubwa zaidi.

Mwezi wa kumi mvua zikaanza. Mvua za huku haziombi ruhusa. Saa tisa mchana mbingu inakuwa nyeusi, inapiga mawe ya barafu dakika ishirini, kisha jua linarudi kama halikuona kitu. Kilima tulikuwa tumekivua nguo, na kipande changu ndicho kilichokuwa na mteremko mkali kuliko vyote. Mvua ya kwanza ilishusha udongo wangu mpaka kwenye njia. Tuliupandisha kwa ndoo. Mvua ya pili ikaushusha tena. Tukaupandisha tena, na safari hii wenzangu walinuna, kwa sababu udongo ulikuwa wa kwangu na migongo ilikuwa ya kwao.

Kwetu Lushoto shamba lote limelala ubavu. Mjomba wangu alizuia udongo kwa vigingi. Unakata matawi manene yenye urefu wa mkono, unayachonga ncha, unayapigilia mstari mmoja kukatisha mteremko, kisha nyuma yake unalaza matawi madogo na majani. Maji yanapita, udongo unabaki. Nimeifanya kazi hiyo tangu ninajifunza kuhesabu. Basi Ijumaa moja, bila kumwambia mtu, nilichukua mashina ya lantana niliyoyakata asubuhi ile ile, yaliyonyooka vizuri, nikachonga na kupigilia. Papa aliona, akaacha kazi yake.

"Aa! Njo vile! Kama kwetu!"

Alichukua jiwe akanisaidia kugonga. Jioni tulikuwa na mistari sita, imenyooka, inapendeza.

Mvua ya Jumanne ilipiga, na udongo haukutembea. Jumatano asubuhi Ma alisimama chini ya kipande changu, mikono ameikunja kifuani.

"Nani amefanya hivi?"

Papa alininyooshea kidole.

Ma alitoa simu akapiga picha tatu, akazituma ofisini. Kisha aliwaita wote. "Mnaona? Usiyesema hana maneno, ana mikono. Kila mtu afanye kama hivi." Kabla ya wiki kwisha kilima chote kilikuwa na mistari ya vigingi, watu tisa tukichonga na kugonga, na mimi napita kwa kila mmoja kuonyesha ncha iingie kiasi gani. Ma alinivuta pembeni akaniambia kwamba nikikitunza kipande changu kilivyo, mwezi wa kwanza ninakwenda mimi.

Nilikosea kumwambia mama mdogo. Jioni ile ile alikuwa ameifikisha habari uani, kwenye foleni ya bomba, kwa mama wa Kikenya wa chumba cha nyuma.

"Mtoto wangu anakwenda kusomea dawa."

"Za hospitali?"

"Za miti."

"Miti inaumwa?"

"We cheka tu. Atarudi na cheti, na wewe utaendelea kumwaga maji ya ufulio mlangoni kwangu."

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja, wakati wa chai. Nilikaa chini, mgongo kwenye jiwe, na macho yangu yakawa sawa na kichwa cha kigingi kimoja. Ubavuni mwake kulikuwa na vitu viwili vya kijani, vidogo kama punje za mchele. Nilitazama kigingi cha pili. Cha tatu. Nikaweka kikombe chini.

Kwetu kigingi kikichipua mjomba anafurahi. Ndiyo maana anachagua mti mbichi, ndiyo maana anahakikisha upande wa shina unakwenda chini, ili kishike mizizi na udongo usiondoke kamwe. Na mimi nilikuwa nimefanya hivyo hivyo, mbichi, upande wa shina chini, bila kujiuliza hata mara moja nimeshika mti gani. Ndege wa Johannesburg nzima hawajawahi kupanda lantana vizuri namna ile. Nilikuwa nimeipanda kwa mstari, kwa nafasi sawa, nimeiwekea na majani ya kuhifadhi unyevu. Tena nilikuwa nimewafundisha watu wanane.

Ningesema siku ile, hadithi ingekuwa fupi. Sikusema.

Nilianza kufika kilimani kabla ya wenzangu na kung'oa macho ya machipukizi kwa kucha, kigingi kwa kigingi. Wakati wa chai nilijifanya nafunga viatu, nikang'oa. Kucha zangu zilikuwa za kijani, na mama mdogo akaniuliza kama huko kazini tunapika mchicha. Yale niliyoyang'oa yalirudi baada ya siku mbili, mawili mahali pa kila moja. Nilikasirika na mmea, nikakasirika na mvua, nikamkasirikia mjomba ambaye yuko mbali na hana habari. Kila asubuhi njiani nilipanga maneno ya kumwambia Ma. Nilipomfikia nilisema, "Habari za asubuhi, Ma," na maneno mengine yakarudi yalikotoka.

Vigingi vya Papa vilikuwa vinachipua pia, kwa sababu macho yake hayaoni punje ya mchele. Siku ya nane alinikuta nimepiga magoti upande wake wa kamba.

"Mwana, weye unafanya nini mu kipande yangu?"

"Natafuta kitu, Papa."

"Kitu gani?"

Nilimwonyesha. Aliinama mpaka pua ikagusa kigingi. Alilishika chipukizi kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akishika kitambaa, akaligeuza. Halafu akaanza kucheka. Alicheka kimya kimya, mabega yakipanda na kushuka, mpaka akakaa kwenye matope.

"Tumelima," alisema. "Banatulipa kutoa lantana, na sisi tumepanda shamba ya lantana!"

"Si jambo la kuchekesha, Papa."

"Niko nalia, mwana. Ma anajua?"

"Bado."

"Mwambie."

"Kesho."

"Kesho ya lini? Ii mti iko na kichwa nguvu, haikungojee." Alijipangusa macho. "Mi sitakusemea. Njo kazi yako balipiga picha. Lakini mwambie."

Hiyo ilikuwa Alhamisi nyingine. Ijumaa Ma alikuwa ofisini kutwa nzima, nami nilishukuru kama mgonjwa aliyeambiwa daktari hayupo. Jumamosi na Jumapili mvua ilinyesha laini, ya kuotesha, siyo ile ya barafu. Nilikaa chumbani na kipande cha karatasi, nikaandika kwa Kiingereza nitakachosema: Ma, vile vigingi ni hai, mimi ndiye niliyekosea. Maneno machache hayo yalinichukua mchana mzima, na nilikunja karatasi nikaitia mfukoni mwa ovaroli.

Jumatatu sikuhitaji hata kufika. Ukisimama kwenye robot, zile taa za magari, kwenye barabara ya chini, kilima unakiona chote. Taa ilikuwa nyekundu, magari yamesimama, na mbele yangu kilima kilikuwa na mistari ya kijani, imenyooka kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kama bustani ya kabichi.

Ma alikuwa ameshafika. Amesimama kwenye njia, mikono kiunoni. Wenzangu walisimama nyuma yake.

"Eish," alisema. Hakupaza sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilimpa karatasi yangu. Aliisoma, akainua macho.

"Naona kwamba ni hai. Macho ninayo. Umejua tangu lini?"

Hapo ningeweza kudanganya. Papa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Alhamisi," nilisema. "Siyo hii iliyopita. Ile nyingine."

Ma alihesabu kwa vidole. Kisha aliinama kwenye kigingi kilichokuwa karibu, akakivuta. Hakikutoka. Alivuta kwa mikono miwili, na kilipotoka kilikuja na mizizi myeupe iliyoning'inia na bonge la udongo wangu.

"Kuvipanda ni kosa letu wote," alisema. "Mimi ndiye niliyepiga picha, na mimi nitaulizwa ofisini. Lakini Alhamisi ile ungeniambia, tungevitoa kwa vidole viwili, mizizi haijatoka, na leo tungekuwa tunakunywa chai. Hizi siku kumi na moja ni zako peke yako."

Nilishika kigingi kilichofuata, nikavuta.

Tuling'oa Jumatatu na Jumanne kutwa. Wenzangu hawakunitukana, ila walipopita karibu yangu walihesabu kwa sauti ya juu vigingi walivyokwisha kung'oa. Mkaguzi alikuja Jumatano na viatu safi. Alikuta kilima kimejaa mashimo, udongo umeteremka tena kwenye njia, na lundo la vigingi vyenye mizizi limerefuka kuliko Papa. Aliuliza maswali, Ma akajibu yote mwenyewe, na mara moja tu akanitazama. Mkaguzi aliandika kwamba kazi irudiwe. Nafasi ya mafunzo hakupewa mtu yeyote wa kikundi chetu. Ilikwenda kwa kikundi cha ng'ambo ya bonde, watu ambao eneo lao ni tambarare kama meza na hawajawahi kupandisha ndoo moja ya udongo.

Nilimwambia mama mdogo jioni, akiwa anakanda unga.

"Sasa mimi kule bombani niseme nini?"

"Sema labda mwakani, inshallah."

"Mwakani utafungua mdomo?"

"Nitajaribu."

"Kujaribu," alisema, akaupiga unga kofi.

Tulirudi kilimani mwezi wa kwanza. Vigingi tulivyodhani tumevitoa vyote vilikuwa vimevunjikia ardhini, kila kipande na machipukizi yake, na sasa kila kimoja lazima kichimbwe kwa sururu na mzizi upakwe dawa ya bluu. Udongo tunauzuia kwa mawe. Mawe hayaoti, ingawa kwenye kilima hiki sitaapa. Mtu wa bustani wa nyuma ya ukuta bado anarusha matawi yake.

Ma amenipa kazi ya ziada, na sijui kama ni adhabu. Kila jioni kabla ya kukusanya vifaa ninasimama mbele ya wote na kusema, kwa Kiingereza changu, nimeona nini kimeota, wapi, na vingapi. Karatasi hairuhusiwi. Wiki ya kwanza sauti yangu haikufika hata kwa Papa aliyekuwa hatua mbili, na Ma alinirudisha mwanzo mara nne, watu wakiwa wamechoka na wanataka kwenda nyumbani. Naichukia kazi hii kuliko lantana yenyewe.

Jana nilisema vinne kwenye kipande changu na tisa kwenye kipande cha Papa.

"Si tisa," Papa alisema kwa Kiswahili. "Nane. Unanisingizia mbele ya bantu."

"Tisa, Papa."

"Nane!"

"Kimoja kiko nyuma ya mzeituni, hujakiona."

"Mi naona vizuri."

Ma akauliza tunabishana nini. Nilimweleza, kwa sauti ya kawaida, bila kupanga maneno, kwa kuwa nilikuwa nimeudhika. Akasema twendeni tukahesabu. Watu wote tisa tukapanda tena kilimani, wengine wakinung'unika, Papa mbele kabisa.

Vilikuwa tisa.